Mvua Ilinyesha Tumba

Kiangazi cha Stockholm ni kitu ambacho watu wazima, wenye kazi na akili zao, hukingoja miezi tisa, kisha kikifika wanakilinda kama maziwa jikoni, yasije yakachemka na kumwagika. Jua likitoka kwa muda wa kuchemsha yai, majirani zangu wa Akalla wanavua mashati na kulala kwenye nyasi mbele ya jengo, nyuzi joto kumi na saba, wamefumba macho kana kwamba wamefika peponi na hawataki kuulizwa tiketi. Mimi huwatazama nikiwa ndani. Nina roshani, lakini kwenye roshani kuna upepo. Nina dirisha pia, nalo lina kioo, na kioo hicho ndicho kimeniwezesha kukaa nchi hii miaka kumi na minane bila kugombana na mtu.

Nafanya kazi jikoni kwenye shule, upande wa kuosha vyombo. Shule zikifungwa mwezi wa sita, na mimi nafungwa pamoja nazo mpaka mwezi wa nane. Wenzangu wakipata likizo ya namna hiyo wanakata tiketi. Mimi hununua majani ya chai ya kutosha na kuvuta pazia nusu.

Sasa, mtu anayekaa ndani kiangazi kizima lazima atafute cha kudharau, la sivyo ataanza kujidharau mwenyewe, na hiyo ni kazi ninayoiwekea majira ya baridi. Nilichagua utabiri wa hali ya hewa. Kila asubuhi, baada ya habari, mwanamke wa redio anasoma utabiri wa mkoa wetu kwa sauti ya mtu anayesoma wosia ambao hakuna aliyeachiwa kitu. Mawingu ya kubadilikabadilika, anasema. Vipindi vya jua. Mkanda wa mvua unapita kutoka magharibi, na mchana kuna uwezekano wa radi katika baadhi ya maeneo.

Hebu lichambue hilo tangazo. Kuna jua, kuna mawingu, kuna mvua, kuna radi, na kuna mahali ambapo hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Hata mimi, na ile C yangu ya jiografia ya kidato cha nne, ningeweza kutabiri hivyo nikiwa nimejifunika blanketi. Na hayo baadhi ya maeneo ni yapi? Hawasemi. Mkoa mzima wanaupa anga moja, kama watoto sita waliopewa shuka moja, kila mmoja avute upande wake.

Basi nikaanza kuutafsiri utabiri huo kwenye grupu la simu la kanisa letu. Ni kanisa la Waswahili wa kila aina, Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi, Waganda wachache wanaoelewa nusu, na tunakodi ukumbi Rinkeby Jumapili mchana. Mimi si muumini wa kutajwa. Dada yangu ndiye aliyeniingiza kwenye grupu, ili nisife nyumbani bila mtu kujua. Kila asubuhi nilikuwa naandika mstari mmoja. "Leo anga lina kila kitu. Beba mwavuli, miwani ya jua na kitambulisho cha kukutambulia." Au: "Leo uwezekano wa mvua ni nusu. Yaani wao pia hawajui, ila wao wana mishahara."

Watu walicheka wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kuniamini. Ndivyo watu walivyo. Ukiwadharau kila asubuhi kwa uhakika, watakupa cheo. Wakaniita Waziri wa Mvua. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama aanike mazulia. Nikamwambia aanike. Yakalowa, na bado kesho yake aliniuliza tena.

Nisingeyaandika haya kama si dada yangu.

Dada yangu ana miaka hamsini na mitatu. Anatunza wazee majumbani mwao: anaingia, anaosha, anavisha, anapika uji, anatoka, na kila mlango anaoufungua simu ya kazini inaandika dakika. Simu hiyo imemharibu. Ni Mkenya pekee ninayemjua ambaye ukimwambia saa mbili atafika saa mbili kasoro dakika kumi, akae kwenye ngazi akingoja. Anaishi majengo mawili kutoka kwangu, yeye na binti yake anayesoma chuo kikuu. Mume alikuwepo zamani.

Alipokuwa na miaka minane alinibeba mgongoni kutoka zahanati, na mto ulikuwa umejaa kwa mvua ya huko juu mlimani ambayo hakuna redio iliyoitaja. Akateleza katikati. Mwanamume aliyekuwa akinywesha ng'ombe ng'ambo ya pili aliingia akamshika gauni, na kwa kuwa nilikuwa nimefungwa kwa leso, nikatoka naye bila mtu kunishughulikia, kama kiberiti unachoongezewa dukani. Mimi sikumbuki. Nyumbani ilisimuliwa kila Krismasi kwamba mto unatuchukua na mimi nacheka. Yeye anakumbuka kila kitu. Tangu siku hiyo maji hayajawahi kumpita kifundo cha mguu. Bafuni kwake ana ndoo na kopo, na bomba la mvua linaning'inia juu yake miaka yote hii kama pambo.

Sasa kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha, ziwani, kiangazi, mtu mzima mzima mpaka nywele zipotee. Dada alinyunyiziwa akiwa mchanga, lakini hapa wanasema hayo yalikuwa matone. Miaka miwili alijiandikisha, na miaka miwili alijitoa, mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, mara ya pili kwa mafua yaliyomshika Ijumaa jioni yakamwachia Jumapili asubuhi. Mwaka huu alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu.

"Mwaka huu naingia," akasema. "Naingia, au basi tena, sitajiandikisha mara ya nne. Hofu hii nimelala nayo miaka arobaini na mitano. Hata mume hatukufika huko."

"Mume ulimfukuza."

"Yeye alikuwa na mlango wa kutokea." Akaweka kikombe. "Nataka siku kavu tu. Nikiona mvua juu na maji chini, nitarudi nyumbani, najijua. Wewe si ndiye waziri? Nitafutie siku."

Siku ya kutafuta haikuwepo. Ilikuwa Jumamosi moja tu. Mchungaji wetu, Mkongomani, anaendesha basi siku za kazi, na hiyo ndiyo Jumamosi pekee aliyopewa, kisha aende Bukavu mpaka majani yaanze kuanguka. Na dada mwenyewe, kuanzia Jumapili ile, alikuwa na zamu mfululizo. Wenyeji wakienda visiwani kuitazama mvua kwa karibu, wazee wao wanabaki na dada yangu.

Basi nikaanza kuufuatilia mkanda wa mvua kutoka Jumatatu. Nilikuwa na programu tatu kwenye simu, ya serikali, ya Wanorwe ambayo Waswidi huiamini kuliko yao, na ile iliyokuja na simu yenyewe. Zilikubaliana kitu kimoja tu, kwamba Jumamosi ingekuwa kavu mpaka saa nane mchana, halafu mkanda ungefika na radi zake. Hilo lilitosha. Kubatiza watu watano kunachukua nusu saa, kuimba kunachukua moja na nusu. Wakianza saa nne, saa sita wako kwenye pilau.

Tatizo halikuwa mvua. Tatizo lilikuwa sisi.

Katibu wa kanisa, mama wa Kitanga mwenye sauti ya kutuliza nyuki, alinipigia Alhamisi. "Mheshimiwa, radi saa ngapi? Niambie ukweli, mimi nitajua namna ya kuwaongopea."

Mimi nilijua angewaongopea, lakini nilijua pia kwamba ana huruma, kwa hiyo nikamsaidia. Nikamwambia saa saba. Yeye akapunguza saa moja, akamwambia mchungaji saa sita. Mchungaji, ambaye amekaa miaka mingi akingoja kanisa lake lifike, akapunguza yake na kutangaza kwamba radi itapiga saa tano kamili, kwa hiyo ubatizo ni saa mbili asubuhi, anayechelewa atabaki na dhambi zake. Kufikia Ijumaa jioni radi ile ile moja ilikuwa imepewa nyakati nne tofauti. Na kanisa zima, kwa kuwa si wageni kwa kanisa lao, lilisikia saa mbili, likafanya hesabu ya kawaida, likaamua kutoka nyumbani saa sita.

Kila mtu alidanganya na kila mtu alijua kadanganywa, na hivyo ndivyo tunavyokutana duniani kote. Ni utaratibu unaofanya kazi, mradi pasiwe na mtu hata mmoja anayesadiki alichoambiwa.

Nilimsahau dada yangu.

Saa mbili na robo Jumamosi simu ililia. Nilikuwa jikoni na kikoi, nachagua kikombe.

"Uko wapi?" akauliza.

"Njiani."

"Njia gani hiyo yenye sauti ya birika?"

Nikazima jiko. "Wako wangapi huko?"

"Mimi, mtoto, mchungaji, na katibu na sufuria lake. Mchungaji amefika kabla yangu. Huyo ni dereva wa basi, ni mgonjwa kama mimi."

"Basi si muanze? Hapo wewe upo na maji yapo."

"Wengine wanne bado wako kwao Tumba, na kwaya iko Tumba. Anasema mtu habatizwi mbele ya bata." Nilisikia watoto wa Kiswidi wakipiga kelele majini, saa hizo, bila aibu. "Wewe njoo. Nayatazama haya maji nayo yananitazama."

Nikasema nakuja. Nilimaanisha saa nne. Lakini mtu aliyekaa ndani wiki tano hatoki kwa ghafla, ni lazima aagane na vitu. Na nikajiambia kwamba waziri anafaa zaidi akiwa karibu na vifaa vyake. Nikaketi na simu tatu, yaani simu moja yenye programu tatu, nikitazama madoa ya mvua kwenye ramani yakitambaa kutoka magharibi, ya kijani, ya manjano, na katikati jekundu kama nyanya iliyokanyagwa. Saa tatu akapiga, nikasema njiani. Saa nne akapiga, hakuuliza niko wapi, aliuliza tu kama nimekunywa chai. Saa tano hakupiga.

Saa sita na nusu grupu likalipuka. Nusu ya kanisa letu inaishi Tumba, kusini, karibu na reli, na hao walikuwa ndiyo kwanza wako stesheni, saa nne na nusu baada ya muda uliotangazwa, wakijisifu kwamba wamewahi. Ikaja video. Mvua ya mawe, mawe makubwa kama maharagwe, yanaruka kwenye lami mbele ya stesheni, na ngurumo, na sauti ya yule mama wa mazulia akisema polepole, "Waziri, tazama kazi yako."

Ilifuata video nyingine. Kisha ya tatu, ya maharagwe yale yale. Halafu watu wa Rinkeby, walio kaskazini, kilomita nyingi kutoka huko, wakaanza kuandika nao. "Hata huku kunatia giza." "Na mimi naona umeme." "Tunamwomba Waziri atoe neno."

Nilitakiwa kufanya nini? Kuna kitu kinachomtokea mtu asiyeulizwa chochote mwaka mzima isipokuwa kama sahani zimekauka. Nikajikuta nimenyooka kwenye kiti. Nikaandika: "Mkanda umefika mapema. Kwa usalama wa wote, ubatizo umeahirishwa. Watu warudi nyumbani."

Watu ambao hawajawahi kufika popote kwa wakati walitii ndani ya dakika moja. Amina ishirini na saba, mikono ya kushukuru, mtu akaandika kwamba Mungu husema na watu wake kupitia wanyenyekevu. Nilisoma zote. Niliirudia hiyo ya wanyenyekevu mara mbili.

Ndipo nikanyanyua macho. Upande wa pili, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, jirani alikuwa kifua wazi akigeuza soseji kwenye jiko la mkaa. Alikuwa amevaa miwani ya jua. Nyasi za chini zilikuwa zimejaa watu kama samaki sokoni. Anga juu ya Akalla lilikuwa la buluu, buluu ya kipumbavu, bila wingu la kunitetea. Katika wiki tano nilizotazama nje kwa dharau, dakika kumi pekee ambazo ningetakiwa kutazama ndizo sikutazama. Nilikuwa naangalia mvua ya Tumba.

Simu ikalia. Binti wa dada. Mtoto huyu amezaliwa hapa, na mimi hajawahi kuniita mjomba ila kwa Kiswidi.

"Morbror, ni wewe umeandika hivi?"

"Kwa usalama."

"Usalama wa nani? Huku watu wanakula aiskrimu."

"Mama yako amesoma?"

"Simu yake iko ndani ya begi. Amekaa hapo tangu saa mbili, hata kula hajala." Sauti yake ikashuka. "Jag säger inget. Mimi sisemi kitu. Uje umwambie mwenyewe."

Akakata. Wanajifunza hapa, kukata simu bila kuaga.

Nikavaa koti la mvua. Naomba hilo lieleweke vizuri: nilivaa koti la mvua, mabuti ya mpira, nikachukua mwavuli, kwa sababu mtu aliyetangaza radi hawezi kutokea na kandambili. Ziwa liko dakika kumi na tano kwa basi. Waswidi hawasemi na mtu kwenye basi, lakini mzee mmoja wa kaptura aliyekaa mbele yangu alinitazama kuanzia mabuti mpaka kofia, akatazama dirishani, akanitazama tena, kisha akahamia kiti cha nyuma kwa upole. Sikumlaumu. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya plastiki, kwa hiyo kwa upande wangu angalau mvua ilikuwepo.

Ufukweni walikuwa watu sita. Mchungaji kwa shati jeupe na suruali nyeusi, amesimama wima kama yuko kwenye kituo chake. Katibu amekaa karibu na sufuria la pilau lililofungwa kwa taulo. Binti wa dada. Mume na mke Warundi ambao hawamo kwenye grupu, na ndiyo sababu walikuwa wamefika. Na dada yangu, kwenye kiti cha kukunja, gauni jeupe chini na koti lake la majira ya baridi juu, limefungwa mpaka kidevuni, chupa ya chai miguuni. Kuzunguka hapo wenyeji walikuwa wamelala nusu uchi pande zote, wakijaribu kutotazama.

Aliniona kwa mbali. "Waziri amekuja na mwavuli," akamwambia bintiye.

"Dada."

"Njia ilikuwa ndefu. Saa tano nzima kutoka Akalla. Ulipitia Uganda?"

"Dada, hawaji." Nikamweleza. Tumba, mvua ya mawe, video, neno langu kwa kanisa. Katibu alifunika uso kwa kiganja. Mchungaji akasema taratibu, "Ndugu yangu, miye nilikuwa hapa. Ungenipigia simu." Ningependa angeongeza la kunikaripia.

Dada alinitazama. Mimi namjua akikasirika, na hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, alikuwa amekaa saa tano na dakika zake mbele ya kitu anachokiogopa kuliko vyote kwa sababu aliniamini, na ningeweza kuwa pale tangu saa mbili, nikisema upuuzi wangu, na muda ungemwendea haraka zaidi.

"Kwa hiyo hakuna kwaya," akasema.

"Hakuna."

"Basi umenipunguzia watu wa kunitazama nikilia. Hiyo nayo ni kazi." Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kutoka juu. "Mchungaji, wale bata wapo bado?"

"Wapo, mama."

"Basi wanatosha."

Hapo ndipo tulipoona. Nyuma ya miti, upande wa kaskazini, wingu lilikuwa limepanda, jeupe juu na la rangi ya risasi chini, limevimba kama koliflawa. Mkanda wenyewe ulikuwa umepita kusini, lakini ulikuwa umeacha mtoto. Majani ya miti yaliacha kucheza. Mama mmoja wa Kiswidi alianza kukunja taulo bila haraka.

Mchungaji akanigeukia. "Mheshimiwa Waziri. Radi ikilia, sote nje ya maji, hiyo ni sheria. Sasa nataka kujua tuko na dakika ngapi. Bila kupunguza."

Sijawahi kuulizwa swali kama hilo kwa namna hiyo. Nikatoa simu. Programu ya serikali ilisema baada ya saa mbili, ya Wanorwe ilisema sasa hivi, ile ya simu ilionyesha jua lenye tabasamu. Nikaizima. Nikatazama wingu kwa macho yangu mwenyewe, mara ya kwanza kiangazi hicho, na C yangu yote ikanijia kichwani, mwalimu na chaki yake akichora mishale ubaoni, na mimi dirishani nikitazama kuku.

"Dakika kumi na tano," nikasema. "Bila punguzo."

"Vua mabuti," dada akaniambia.

"Mimi nimekwisha kubatizwa."

"Mara ile nilikubeba. Leo utatembea."

Nikavua mabuti na koti, nikabaki na suruali yangu ya kwendea kazini. Akanishika kifundo cha mkono, si kiganja, kifundo, kama anavyowashika wazee wake. Tukaingia. Maji ya Sweden mwezi wa saba hayana tofauti na ya mwezi wa pili, ila yana watu ndani. Maji yakapita kifundo cha mguu. Nilihisi kucha zake. Maji yalipofika magotini alisimama, akakataa kusogea, na mchungaji aliyekuwa mbele yetu, maji yamemfika kiunoni, alinyoosha mikono akangoja.

"Hapa ndipo nilipoteleza," akasema. "Yalikuwa hapa hapa."

Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho. "Angalau mimi nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unalia." Hakunitazama, alikuwa anatazama maji. "Ulilia mpaka ukawa wa zambarau. Nilimwambia mama ulikuwa unacheka ili asinipige sana."

Miaka yote hiyo, kila Krismasi. Nimewahi kuisimulia kazini kwa Kiswidi, kama ushahidi wa tabia yangu.

"Basi twende," nikasema.

Akaenda. Nikabaki hatua moja nyuma, nimemshika gauni mgongoni kwa ngumi, sijui nani aliniambia nifanye hivyo. Mchungaji akasema maneno yake, mafupi kuliko kawaida, akijua ratiba. Dada akaziba pua mwenyewe, kwa nguvu, kama mtoto, akafumba macho, akaenda chini. Nywele zikapotea. Mrundi na mkewe walianza kuimba ufukweni, sauti mbili tu, za kweli, na binti wa dada akajiunga kwa maneno ambayo sikujua anayajua.

Akatoka. Alikohoa, akafuta macho kwa viganja viwili, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua.

"Ni baridi tu," akasema. "Kumbe ni baridi tu."

Mchungaji alikwisha kugeuka, anarudi nchi kavu. Katibu alikuwa anafungua pilau. Mimi meno yalikuwa yanagongana, miguu siihisi, nami nikaanza kuondoka pia, kwa heshima niliyobaki nayo. Nilipogeuka dada alikuwa bado pale, maji yamemfika kifuani, mikono ameielekeza mbele juu ya maji, anayasukuma polepole kushoto na kulia.

"Dada, toka. Wingu hilo."

"Ulisema dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Bila punguzo?"

"Bila punguzo."

Alinyanyua uso akatazama saa kubwa iliyo ukutani mwa banda la kubadilishia nguo pale ufukweni, kwa jicho la mtu anayelipwa kwa dakika.

"Basi zimebaki nne," akasema, na akakaa.